Bia kali ya nyumbani haifungwi siku ya kumi, naomba mrekebishe ile makala

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Derby, Uingereza. Gazeti lenu nalisoma karibu kila siku kwenye simu nikiwa kwenye basi natoka zamu ya usiku, sijawahi kuwaandikia hata mara moja, ila hili nimeshindwa kukaa nalo. Jumapili mpwa wangu wa Moshi kanitumia picha ya ukurasa wenu wa mapishi, ile makala ya kutengeneza bia kali nyumbani kwa siku kumi, alafu chini yake kaandika "Mamdogo hii nimeipenda, nataka nipike chupa hamsini za Desemba watu wakirudi nyumbani". Chupa hamsini! Nikaisoma mara tatu pale pale kituoni, nikampigia kabla hata sijavua koti.

Sina ugomvi na aliyeandika. Kupika bia ni kazi nzuri na mimi mwenyewe napika, huu mwaka wa kumi na moja, napenda hasa zile nzito za asilimia tisa kumi ambazo unapika leo unakunywa mwakani au mwaka wa tatu. Na ndo maana nimeshtuka. Makala inasema upike kimea cha ulezi na sukari guru, utie hamira ya mkate, uache siku kumi, "ikinyamaza" ujaze kwenye chupa za bia zilizotumika za nusu lita, kila chupa kijiko cha chai cha sukari kilichojaa, uzibe, uweke kabatini wiki mbili. Na anayetaka iwe kali zaidi aongeze sukari guru mwanzoni. Basi imeishia hapo. Mhariri hiyo chupa ni bomu, na siongezi chumvi, nitaeleza kwanini.

Mama yangu alikuwa mpishi wa mbege Marangu, mzuri sana, watu walikuwa wanatuma mtoto kuuliza kama mama kapika kabla hawajapanga siku ya kikao. Mi nimekua nikichochea ndizi, nikianika ulezi uliooteshwa, nikitumwa gome la msesewe la kutia uchungu. Mama hakuwa na kipimo chochote, alikuwa anainamia mtungi anasikiliza, anaangalia povu, anaonja kwenye kata, anajua hii bado togwa, hii imekolea, hii kesho itakuwa siki. Na hakukosea. Lakini mtungi wa mama ulikuwa wazi juu! Gesi ilikuwa inatoka yenyewe na kwenda zake, mbege inanyweka ikiwa bado inachemka chemka, siku mbili tatu imeisha. Kwetu hakuna aliyewahi kuhitaji kuikamata ile gesi na kuifungia kwenye kioo, kwahiyo ule ujuzi mkubwa wa akina mama haukuwahi kugusa hili jambo, na mtu anayejua mbege vizuri kabisa anaweza kuumia kwenye chupa. Nasema hivi kwasababu mpwa wangu alinijibu "lakini Mamdogo bibi alikuwa anapika bila vipimo". Ndiyo baba, ila bibi hakuziba.

Sasa hilo neno "ikinyamaza". Hamira inakula sukari inatoa vitu viwili, kilevi na gesi, tena karibu sawa kwa sawa, gramu mia moja za sukari zinatoa kama gramu hamsini za gesi. Kwenye bia nyepesi inamaliza kazi siku tano, wiki. Kwenye bia kali haiendi hivyo, sukari ni nyingi mno mwanzoni, alafu kadiri kilevi kinavyopanda hamira yenyewe inalewa, inachoka, inashuka chini inalala wakati chakula bado kipo. Povu limeisha, mapovu hayatoki, ukiangalia unasema imeiva. Haijaiva, imesimama njiani. Joto likiongezeka kidogo, au ukiitikisa ukiwa unaihamisha, inaamka na kuendelea pale ilipoachia, na wakati huo wewe ushaziba.

Mimi nimelijua hili kwa njia mbaya. Mwaka 2016 nilipika bia nzito mwezi wa kumi, nikapima kwa haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea kinakuonyesha uzito wa sukari iliyomo (maji matupu yanasoma 1.000, bia ikiwa na sukari inasoma juu zaidi). Ilianza 1.098. Hesabu yangu ilikuwa ishuke mpaka kama 1.026 hivi. Jikoni kulikuwa na baridi, wiki ya tatu kimya kabisa, nikapima tena ikasoma 1.038, na badala ya kujiuliza nikajiambia aah bia nzito ndo zilivyo, nikaweka sukari ya chupa, nikaziba ishirini na nne, nikapanga kwenye kabati chini ya ngazi. Zikakaa majira ya baridi yote salama. Mwezi wa tano joto likaja.

Saa nane usiku nikasikia kitu kama mtu kapiga mlango na nyundo. Nikakaa kitandani. Cha pili. Nikashuka, bia inatiririka chini ya mlango wa kabati kwenye zulia, harufu ya zabibu nyumba nzima, na nikiwa nimesimama pale nimeshika kitasa cha tatu kikapasuka nikasikia vioo vinagonga mbao upande wa pili. Sikufungua. Asubuhi jirani yangu alinisaidia na kwenye ule mlango kwa ndani kulikuwa na kipande cha kioo cha kahawia kimezama kwenye mbao kama nusu sentimita, kimesimama wima kama kisu. Kimo chake ni kimo cha kifua cha mtoto. Viatu vya shule vya binti yangu vilikuwa mle ndani, alikuwa na miaka sita, anavichukua mwenyewe kila asubuhi saa mbili kasoro robo. Mpaka leo nikikumbuka nanyamaza.

Huyo jirani ni mzee aliyestaafu, alifanya kazi miaka mingi kwenye viwanda vya bia pale Burton upon Trent, kwa treni si mbali na hapa. Alikaa na mimi mezani akanipigia hesabu kwa penseli nyuma ya bahasha, na hiyo hesabu ndo naomba wasomaji wenu waione. Gesi kwenye bia inapimwa kwa ujazo: ujazo mmoja ni lita moja ya bia kubeba lita moja ya gesi. Bia iliyoiva kwenye nyuzi ishirini tayari imebaki na karibu ujazo mmoja kasoro, kama 0.85. Kila gramu nne za sukari kwa lita zinaongeza takribani ujazo mmoja. Na kila nukta mbili za haidromita (kutoka 1.038 kwenda 1.036 ni nukta mbili) zikishuka ndani ya chupa zinaongeza ujazo mwingine. Mimi nilikuwa nimeziba ikiwa bado nukta kumi na mbili. Yaani ujazo sita, juu ya ile sukari niliyoongeza, juu ya ile gesi iliyokuwemo. Chupa ya shampeni, ile nene yenye tako lililoingia ndani, imetengenezwa kubeba kama ujazo sita, presha yake inapita mara mbili ya tairi la gari. Chupa ya kawaida ya bia mi siipitishi ujazo tatu.

Sasa rudini kwenye makala yenu. Kijiko cha chai kilichojaa ni gramu sita au saba. Kwenye nusu lita hiyo ni gramu kumi na tatu kwa lita, ujazo tatu na zaidi, jumlisha iliyokuwemo, umevuka nne hata kama bia ilikuwa imeiva kabisa kabisa. Na haijaiva, ni siku ya kumi, ina sukari guru, ina hamira ya mkate ambayo kwenye kilevi kingi inasimama ovyo. Alafu chupa zilizotumika, zilizochubuka kwenye makreti, joto la Moshi. Jamani.

Naomba niandike jinsi ya kufanya kwasababu kumkatalia mtu tu hakusaidii, vijana watapika tu.

Kwanza haidromita. Bila hiyo usifunge bia kali kwenye kioo, basi. Hata ukiagiza, bei yake ni ndogo kuliko hasara ya jicho. Upime mwanzo, uandike ukutani. Ukiona imenyamaza upime, uache wiki, upime tena, uache wiki nyingine. Kwa bia nyepesi siku tatu namba haijasogea inatosha, kwa bia kali mi nataka wiki mbili tatu namba ile ile, na iwe ni namba inayoeleweka. Kama umeanza 1.098 na imesimama 1.040 hiyo imekwama, isogeze penye joto kidogo, itikise taratibu iinue mashapo, au uiongezee hamira mpya ambayo imeshaanza kuchemka kwenye kikombe. Usiikubali tu kwasababu Desemba imefika.

Joto nalo tuliongelee maana Moshi si Derby. Siku nne tano za mwanzo ndo zinaamua bia yako itakuwa nani. Ikichachuka kwenye nyuzi ishirini na nane thelathini inatoa vile vilevi vizito vinavyochoma koo na kugonga kichwa, na watu wanadhani ukiiweka mwaka vitaondoka. Haviondoki, vinapungua makali kidogo tu. Weka ndoo ndani ya beseni la maji, izungushie khanga iliyolowa ncha zake ziwe ndani ya maji, weka penye upepo, inashusha nyuzi kadhaa bila umeme. Hiyo nimemfundisha mpwa wangu kwa video na kaielewa mara moja kwasababu ndivyo mtungi wa maji unavyopoa.

Ikishaiva usiiweke chupani bado. Hapa ndo penyewe napopapenda, kuiacha ikae. Bia nyepesi ikikaa inazeeka vibaya lakini bia ya asilimia nane kwenda juu ina mwili wa kukaa. Waingereza wa zamani kwenye majumba makubwa ya mashambani walikuwa wanapika bia kali mwezi wa Oktoba, baridi imeanza na shayiri mpya imeingia, wanaiacha kwenye mapipa mwaka mzima na zaidi, na akizaliwa mrithi wa nyumba walipika moja nzito ikafunguliwa siku anatimiza miaka 21. Hapo Burton tarehe 22 Februari 1902 Mfalme Edward VII alitembelea kiwanda cha Bass na akaanzisha mwenyewe mapishi ya bia moja nzito, ikaitwa King's Ale, na chupa zake watu wamezifungua zaidi ya miaka mia baadae zikanyweka. Miaka mia! Mimi nahamisha yangu kwenye chupa kubwa ya kioo, najaza mpaka shingoni hewa isipate nafasi, naiweka gizani miezi minne mpaka sita. Adui ni hewa. Ikiingia nyingi bia inapata ladha ya boksi lililolowa na mvua, na hiyo haina dawa. Mwanga pia, jua linaharibu ule uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, linaleta harufu mbaya ndani ya dakika, ndo maana chupa ni za kahawia.

Na usafi, tena hapa zaidi kuliko kwenye bia ya wiki moja. Mwaka 1904 mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Carlsberg kule Denmark, Niels Hjelte Claussen, alitangaza hamira aliyoikuta kwenye zile bia za Kiingereza za kukaa muda mrefu, akaiita Brettanomyces, kuvu wa Uingereza ndo maana yake. Hiyo inakula sukari ambazo hamira ya kawaida imezishindwa, inakula polepole miezi na miezi. Kwenye pipa la mbao ilikuwa inatoa ladha walioipenda. Kwenye chupa yako uliyoiosha nusu nusu, hiyo hiyo au wadudu wenzake wataendelea kutengeneza gesi mwezi wa saba wakati ulishasahau. Kwahiyo bia inaweza kuwa imeiva sawasawa kwa haidromita na bado ikapasua kwa uchafu. Osha kwa brashi, suuza, tia dawa ya kuua vijidudu, angalia kila chupa kwenye mwanga.

Siku ya kuifunga, pima sukari kwa mizani ya jikoni, sio kijiko. Bia kali haitaki gesi nyingi, gesi nyingi inaifanya ichome na kuficha ladha, ujazo mbili unatosha sana. Kwa lita kumi hiyo ni gramu 45 za sukari ya kawaida, kwa bia nzima. Kwa chupa ya nusu lita ni gramu mbili na kidogo, kama nusu kijiko cha chai kilichosawazishwa na kisu, yaani makala yenu imetoa mara tatu. Chemsha hiyo sukari na kikombe cha maji, ipoe, iweke chini ya ndoo safi, bia ishuke juu yake kwa mpira taratibu bila kurusha mapovu, ikorogwe pole pole, ndo ujaze. Kila chupa inapata sawa.

Kuna kitu kingine kinawakwaza watu. Bia iliyokaa miezi sita hamira yake imechoka au imekufa, unaziba unasubiri mwezi unafungua imelala kabisa, haina hata sauti. Mi lilinipata pia, na niliona mtu anafungua zote anaongeza sukari, usifanye hivyo! Sukari ilikuwepo, aliyekosekana ni wa kuila. Tia hamira mpya kidogo siku ya kuziba, gramu moja kwa lita kumi inatosha, iliyoamshwa kwenye maji ya vuguvugu, na iwe ya aina inayovumilia kilevi kama ile ya kutengenezea mvinyo. Alafu subira, bia ya kawaida inapata gesi wiki mbili, hii inaweza kwenda mwezi na nusu, miezi miwili. Jaza chupa moja ya plastiki ya soda kutoka ndoo hiyo hiyo, iweke pamoja na wenzake. Kila wiki iminye. Ikiwa ngumu kama jiwe gesi ipo, onja. Ikianza kuvimba umekosea mahali na umejua kabla kioo hakijakuambia. Ila plastiki isiwe ya kutunzia, inapitisha hewa.

Bia niliyopika 2019 bado ninayo chupa tano. Ilipokuwa na miezi mitatu ilikuwa chungu, imekunja uso, kilevi kinatangulia. Mwaka mmoja uchungu ukashuka ikaja sukari guru iliyoungua. Mwaka wa nne nilifungua moja siku ya tatu ya mama tangu tumzike, kizibo kikatoa mlio mdogo tu fss, povu rangi ya chai ya maziwa likapanda kidole kimoja likakaa, na ndani ilikuwa tende, zabibu kavu, kitu kama asali ya mzinga wa zamani. Nilimimina kidogo chini kama yeye alivyokuwa akifanya. Glasi ndogo inatosha, chupa moja ya hii ni sawa na chupa mbili za bia ya dukani na watu waambiwe kabla hawajashika funguo za gari.

Mhariri, ninachoomba ni marekebisho kwenye ukurasa ule ule, mapema, kwasababu wapo walioanza wiki hii. Na kwa ambao tayari wameshaziba kwa maelekezo yale naomba mchape hivi: msizitikise, msizibebe mikononi, msiruhusu mtoto aingie chumba hicho. Zifunikeni na blanketi nene au magunia yaliyolowa pale pale zilipo. Mwenye friji au barafu azipoze kwanza, bia ya baridi inashika gesi zaidi na presha inashuka, lakini kuzisogeza iwe kwa glavu nene za kazi, koti zito na miwani ya kufunika macho, chupa moja moja iliyoviringishwa taulo. Zikishapoa usiku mzima, nje ya nyumba, mnyanyue kizibo kidogo sana taulo likiwa juu, mruhusu ipumue, mrudishe, mrudie. Kama kuna moja tayari imepasuka usiziguse zilizobaki siku hiyo, hata kama ni hamsini.

Mpwa wangu amekubali kupika ndoo moja ya lita kumi, ya Desemba ya mwakani. Desemba hii watakunywa mbege.

Msomaji wenu,
Binti wa Marangu, Derby, Uingereza